Laptop ya Cheruto na Maziwa Yasiyomwagika

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mchango wa Cheruto umekabidhiwa kwangu. Kwa nani mwingine? Katika kanisa zima la Olenguruone, nani amelala Lubumbashi, akanywa chai Kigali, akagombana na polisi wa Juba kwa lugha asiyoijua — na akashinda? Shule niliachia darasa la saba. Mengine nilifundishwa na barabara.

Cheruto ni binti ya marehemu Kibii, dereva mwenzangu wa trela. Ameitwa chuo, masomo mengi ni ya mtandaoni, atasomea nyumbani huko juu. Bila laptop hakuna chuo. Waumini wameuza viazi, mmoja ameuza kondoo. Mchango wa pili hakuna! Mamake, Chelagat, aliniambia polepole: Baba Wariara, hiyo kitu ikikufa sina mahali pengine pa kuomba. Jumapili inatakiwa iwe mbele ya kanisa, iombewe.

Nikamwambia atulie. Computer ni lori dogo tu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimezunguka maduka ya hapa mjini Nakuru mpaka soli ikalia. Cheruto anataka Brelton. Nyembamba kama chapati, inang'aa, marafiki zake wote wanayo. Nikamuuliza kijana wa duka, na ikiharibika? Akacheka: "Mzee, hii haiharibiki!"

Nikatoka. Anayekuambia lori haliharibiki hajawahi kulala chini ya lori.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimetumia akili ya zamani. Bosi wangu alikuwa hanunui lori kabla sijaenda gereji ya kampuni inayoyauza na kilio cha uongo — gearbox imekufa, mizigo inaoza! Halafu naangalia nani atainuka kwenye kiti. Unanunua lori la huyo aliyeinuka.

Basi nikawapigia kastama kea, kampuni moja baada ya nyingine. Kilio: nimemwagia laptop maziwa.

Brelton — kijana alikuwa na sauti ya asali alipodhani nanunua. Kusikia maziwa tu, akaniwekea muziki. Ugali ukaiva, tukala, muziki bado. Mke wangu Shiru akasema niwaulize kama wanacheza za Kikuyu.

Zumeko — nitume barua pepe. Nikasema, mama, ya kutumia hiyo barua ndiyo imekunywa maziwa! Akasema nitumie ile laptop yangu nyingine. Nyingine! Anadhani anaongea na gavana.

Oradeli — msichana anaitwa Jepkosgei. Hakuuliza risiti. Aliuliza, "Mzee, wewe uko sawa? Stima haijakupiga?" Halafu pole pole: chomoa waya, zima, ifungue uisimamishe kama hema, usiiweke karibu na jiko. Mimi huku nageuza sufuria tupu nikisema ndiyo, nimegeuza, inatona! Shiru alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Akauliza ndani kulikuwa na nini. Nikasema — sijui kwa nini — ni masomo ya msichana wangu, babake alituacha. Akaandika namba yangu na nyumba, Free Area hapa Nakuru. "Basi mzee, masomo ndiyo tutaokoa kwanza."

Nilirudisha sufuria mezani. Haikunichekesha tena.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeamua Oradeli. Cheruto amenuna kwenye simu: "Uncle, hiyo ni nene kama Biblia ya mzee wa kanisa! Watanicheka." Mimi nikaropoka kwamba urembo hauvuti mzigo mlimani. Akakata. Si vizuri. Mtoto amepoteza baba, sasa nampokonya hata kitu cha kujivunia. Kesho yeye na mamake wanashuka Nakuru tununue pamoja. Nitaongea naye vizuri.

Jioni simu. Jepkosgei! "Mzee, imekauka?" Nikasema mgonjwa anaendelea vizuri, ameomba uji. Akacheka. Halafu akasema fundi wao yuko upande huu kesho. Alikuwa aanzie kwa mwalimu mmoja wa Kabazi, lakini Jepkosgei amemwomba aanze Free Area, kwangu, kwa sababu ya yule msichana.

Ngai, Mungu wangu!

Nilisema asante. Asante! Mdomo uliovuka mipaka yote hiyo ukashindwa kusema kwamba ni uongo, laptop hakuna.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi nilipiga kukiri. Akapokea mwingine: "Wewe ndiye mzee wa maziwa? Ofisi nzima inakuombea!" Nikakata.

Shiru akasema ninunue moja haraka, niimwagie maziwa kweli. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Chelagat na Cheruto wamefika na gunia la viazi. Tulikuwa hatujamaliza salamu geti likagongwa. Cheruto ndiye aliyefungua. Akarudi sura imebadilika.

"Uncle, kuna mtu anauliza laptop ya msichana aliyefiwa na babake. Anasema ni mimi?"

Fundi anaitwa Abby. Buti zina matope, mkoba mgongoni. Alikataa chai kwanza — eti akimbie, mwalimu wa Kabazi anangoja na ana mitihani ya kuandika. Ametandaza kitambaa cheupe mezani, amepanga bisibisi zake kama daktari. Wote wananitazama. Nikasema naenda kuleta mashine.

Niko chumbani. Naandika hapa kitandani kama mjinga, maana mashine yenyewe haipo.

Nawasikia. Cheruto anamuuliza, na mtu akiwa Olenguruone, wakati wa mvua, mnafika? Abby anasema mara ya mwisho aliacha gari matopeni akapanda boda, boda ikakwama, akamalizia na miguu. Chelagat anacheka. Cheruto hachek— sasa anacheka pia. Anauliza kama Oradeli ziko za rangi nyingine.

Shiru amegonga mlango. "Baba Wariara. Toka."

Natoka. Kwanza niseme Abby akimbie kwa mwalimu wa Kabazi, hapa hakuna cha kutengeneza. Halafu Jepkosgei asifutwe kazi kwa uongo wangu. Halafu — Shiru anagonga tena.