Yaya Hasikii, Wanasema

Likasi, Alhamisi, 9 Oktoba. Joto.

Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi na hayajatupa hata tone. Leo nitaandika yote, hata lile linaloniaibisha, maana nikiliruka hilo hamtaweza kunisaidia. Majina nimeyabadili.

Umeme umekatika tangu juzi. Koni, wanakotengeneza umeme, si mbali na hapa, lakini sisi wa Kikula tunachaji simu kwa kinyozi. Kinyozi huyo, nimwite Dodo, ana paneli ya jua juu ya bati la saluni yake. Ukileta simu unakaa kwenye benchi na kusubiri, kwa sababu ukiondoka mwingine anaichomoa yako na kuchomeka yake. Baada ya shule Mama alinituma na simu yake, nikakaa. Kwenye benchi lile watu hawana kazi ila kuzungumza mpira, na tangu Jumapili mpira maana yake ni mtu mmoja: namba nane wa timu yetu, yule kiungo anayekimbia mpaka jezi inamganda mgongoni.

Namba nane ni Yaya Bienvenu; kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa. Mimi ndiye mdogo wake, tumbo moja.

Wanabishana juu yake hata nikiwapo. Wananiona mtoto, nami hufungua kitabu cha shule na kujifanya ninasoma. Leo alianza Papa Anaclet, mzee aliyestaafu kiwandani, ambaye hachaji simu yoyote. Huja tu.

"Minye sikatale," alisema. "Mutoto iko na mapafu tatu. Balon ikipotea, njo ule anairudisha. Lakini akisha kuirudisha? Anaipana tena kwa adui! Ni kama muntu mwenye kuchota maji na kitunga."

"Papa Anaclet, weye ulichezaka wapi?" Dodo akamuuliza, mashine ya kunyolea mkononi. "Weye ulichezaka karata. Bila ule mutoto, shiye tungelikuwa tunakula bao tano tano."

"Minye nilikuwaka kipa wa karakana yetu!"

"Njo maana karakana ilifungwa!"

Saluni nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka nyuma ya kitabu, na kwa muda mfupi nilifikiri leo itapita vizuri.

Ndipo Mama Vero, anayeuza vitumbua mlangoni, akauliza swali ambalo watu huuliza kila mara. Kwa nini kipindi cha kwanza Bienvenu anakuwa kama amelala, akiitwa hageuki, na kipindi cha pili anaamka na kuuendesha uwanja mzima? Dodo alisema ni injini ya dizeli, inachelewa kupata moto. Mama Vero hakukubali.

"Dizeli gani? Bamuchunguze ile chupa anakunywaka ku mi-temps. Minye nasema tu."

Nyumbani kwetu tunasali rozari kila jioni. Kusikia kaka yangu anashukiwa kunywa dawa za mganga wakati wa mapumziko, mbele ya watu, nami nimekaa na kitabu wazi kwenye ukurasa uleule, kulinikata maini.

Lakini lililo zito lilikuwa bado. Jumapili iliyopita, kabla ya mapumziko, mpira wa juu uliingia kwenye eneo letu. Kipa alitoka, akapiga kelele "Ya minye!" ili watu wampishe. Walimpisha wote, isipokuwa Yaya. Waligongana, mpira ukaviringika wenyewe mpaka wavuni, tukapoteza.

"Bantu bote ku mustari balisikia," alisema Papa Anaclet, polepole safari hii. "Mama wa vitumbua alisikia. Bienvenu peke. Iko na nguvu, iko na roho, lakini hasikiake."

Hata Dodo, aliyekuwa akimtetea, alirudi kwenye kichwa cha mteja wake.

Hasikiake. Hasikii. Kwetu, kumwambia mtoto kwamba hasikii ni kusema ni mkaidi, hatii. Mama amemwambia Yaya hivyo tangu utoto wake: "Bienvenu, weye hausikiake!" Neno lina mlango mwingine, na wote wanapita mbele yake bila kuufungua.

Yaya hasikii kwa sikio la kushoto.

Alipokuwa mdogo sikio lile liliumwa, likatoa usaha. Bibi alilitia mafuta ya uvuguvugu, usaha ukakauka, watu wakashukuru Mungu kwamba amepona. Mimi nilijua mwaka jana tu. Nilikuwa nasikiliza muziki na kisikilizio kimoja, kile cha pili kimeharibika. Kwa mchezo nikakichomeka kwenye sikio la kushoto la Yaya. Akaanza kutikisa kichwa na kupiga vidole, anatabasamu. Mimi nilikuwa nimeshauzima wimbo. Aliendelea kucheza.

Alipouona uso wangu, akakichomoa. Aliniapisha siku ile. Alisema, "Bakijua, batanihurumia. Na muntu wa kuhurumia, hakuna kocha anamupanga." Niliapa.

Tangu hapo ninakaa kuliani kwake mezani na kanisani, na ninamwita kutoka kulia. Na ile siri ya vipindi viwili ninaijua. Nahodha wetu akishinda kura huchagua tuanze jua likiwa mgongoni, na tukishambulia upande ule, kocha na benchi lake wako kushoto kwa Yaya. Kocha anapiga kelele kwenye sikio lililokufa. Wakibadilisha upande, sauti zote zinakuja kulia. Kwenye chupa kuna maji. Ninayachota mimi.

Yote haya yalikuwa mdomoni mwangu leo, pale kwenye benchi. Nikayameza.

Kisha Kocha mwenyewe akaingia, kupunguza ndevu. Watu walikaa wima kama wanafunzi. Papa Anaclet peke yake alithubutu kumuuliza juu ya Jumapili ijayo, kwa sababu mji wote unajua kwamba mtu wa klabu moja ya Lubumbashi anakuja kutazama vijana wetu. Anatafuta kiungo. Yaya hajalala vizuri wiki nzima kwa ajili hiyo.

Kocha alisema bado anafikiri. Alisema kwa miguu Bienvenu hana wa kulinganishwa naye, lakini hawezi kumleta mgeni kutoka mbali aje kutazama mtu anayedharau sauti ya mkubwa wake. Kisha akaniona kwenye kioo.

"Weye njo mudogo yake, hapana?"

"Ndiyo, Kocha."

"Uniambie kweli, mama," alisema, jinsi wakubwa wa kwetu wanavyomwita msichana. "Ku nyumba, ukimuita, ukimutuma, anakusikiaka?"

Nilisimama, kama tunavyofundishwa kumjibu mkubwa. Niliona nimepewa nafasi. Nilitaka kumtetea ndugu yangu, nimwonyeshe kijana mwenye heshima, anayefua nguo zake mwenyewe na kumbebea Mama gunia la makaa. Nikajibu kwa sauti nzuri, waziwazi:

"Ndiyo, Kocha. Ananisikiaka sana. Hata mara moja hajakataa."

Kocha alitikisa kichwa kukubali mara kadhaa, mashine ikamsubiri.

"Basi," alisema. "Minye nilizaniaka labda ule mutoto iko na shida fulani. Kumbe ku nyumba anasikia. Ni sauti yangu njo anakataa. Jumapili atakaa ku banki, ajifunze."

Nilisema kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo iliyomfunga kwenye benchi. Kocha alikuwa amekaribia. Alikuwa na mkono kwenye ule mlango, na mimi nikausukuma ukafungwa.

Nilitaka kusema "Kocha, subiri." Lakini nilikuwa nimeapa. Dodo akanipa simu ya Mama, imejaa, na sikukumbuka kumshukuru.

Nyumbani nilimkuta Yaya uani, anashona kiatu chake cha mpira kwa uzi wa nailoni, anapiga mluzi. Kikosi hutangazwa Jumamosi baada ya mazoezi, na yeye bado hajui. Nilikaa karibu naye, na nilikuwa nimekaa kushoto. Nikasema, si kwa kunong'ona, kwa sauti yangu ya kawaida: "Yaya, nimekuharibia. Kocha aliniuliza, nikajibu vibaya."

Aliendelea kushona. Sindano iliingia, ikatoka. Baadaye akageuka, akaniona, akashtuka kidogo na kucheka. "Uko hapa tangu saa ngapi?"

Nikamwambia ndiyo kwanza nimefika.

Ninafikiri na kufikiri. Labda Kocha akijua, angehamia upande wa pili wa uwanja, jambo dogo tu. Labda angemweka Yaya pembeni kushoto, wenzake wote wakawa upande wa sikio lake zima. Mimi si mchezaji, lakini naona inawezekana, na nikiona hivyo moyo unapata joto. Kisha nafikiria mgeni wa Lubumbashi anaambiwa "huyu ana sikio moja," anafunga kalamu yake na kumtazama mwingine, na Yaya anageuka kunitafuta mimi kwenye mstari.

Nikinyamaza, anakaa benchi na jina la mkaidi. Nikisema, ninavunja kiapo, na huenda bado akakaa benchi, na jina la kuhurumiwa, lile analoliogopa zaidi.

Kesho jioni Kocha yuko mazoezini. Ninaweza kufika kwa miguu.

Ninyi mnaosoma, hamtujui na sisi hatuwajui, kwa hiyo nijibuni hapa chini, leo hii, bila kunionea huruma: sikio lingekuwa lako, ungetaka mdogo wako aseme?