Swichi ya Chumba cha Neema

Jumatatu, 3 Juni

Maharage yameanikwa. Kuku wamefungiwa. Baridi ya kukata masikio.

Nimezima swichi ya chumba cha Neema, mpangaji wangu. Swichi iko chumbani kwangu, juu ya kitanda. Mita ni moja kwa nyumba nzima, na yeye ana ile hita ya kuchovya kwenye ndoo, inakula yuniti kama nzige kwenye ulezi. Sikumwambia. Akikaa gizani atajirekebisha. Nyumba yangu, mita yangu.

Mchana nimembeba mwanawe, Baraka. Hata kukaa bado hajui. Namwita mume wangu. Kanikojolea kanga mpya. Mume gani huyu.

Jumanne, 4 Juni

Mume wangu kaamka anakohoa. Neema kasema alimwogesha maji baridi, mkaa ulimwishia. Nimemgombeza sana. Mama gani wewe! Nikampa mkaa, kopo moja. Swichi sijawasha. Bado hajajifunza.

Jumatano, 5 Juni

Nimetoka shambani Pito kung'oa maharage, nakuta nyumba nzima giza. Watu wa umeme walikuja mchana. Wamekata waya kwenye nguzo, wamekwenda zao. Majirani wameambiwa muhuri wa mita umekatika, eti bibi anaiba umeme.

Mimi!

Barua hawakuleta. Kunisubiri nitoke shamba hawakunisubiri. Watoto wa jirani wameshaanza: Bibi Mwizi, Bibi Mwizi. Nimewarushia kandambili. Moja imepotelea kwenye mahindi.

Aibu. Sikula.

Alhamisi, 6 Juni

Kifua cha mtoto kinakoroma kama paka. Tumekwenda zahanati, mimi nimembeba njia nzima, sikutaka mtu anipokee. Nimonia inaanza. Kapewa dawa. Wamesema akingwe na baridi.

Mwenyekiti wa mtaa kaniambia kuna baraza la kuwatetea wanaotumia umeme, kesho wanakaa ofisi ya kata, na watu wa umeme wameitwa. Nitakwenda. Mimi shule sikukanyaga, herufi hizi nilizipata ukubwani kwenye darasa la ngumbaro, lakini mdomo ninao.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesema.

Watu walijaa. Nikasimama mbele ya bwana wa umeme: "Hata mbwa hukemewa kwanza ndipo apigwe. Mimi mmenikatia kama mtu asiye na masikio!" Makofi. Mzee mmoja nyuma akaitikia, "Wape, mama, wape!" Dada wa baraza akasema nina haki. Mtumiaji lazima apewe taarifa kabla ya kukatiwa. Mita ikaguliwe naye yupo. Asikilizwe. Ndivyo sheria inavyotaka.

Sifa zikanipanda kichwani. Nikamnyooshea kidole Baraka mgongoni kwa Neema. "Na mume wangu huyu anakohoa kwa ajili yenu!"

Bwana wa umeme hakunijibu mimi. Akamgeukia Neema, akamuuliza kwa upole mtoto alianza kukohoa lini.

Neema akatazama sakafu.

"Jumatano, baba. Mlipokata."

Uongo. Ilikuwa Jumanne. Yeye anajua, mimi najua. Taarifa, kusikilizwa, vyote nilivyovidai kwa kelele pale mbele, mimi nilimpa nani? Nikakaa. Watu wakadhani nimechoka, wakaniletea maji.

Jumatatu, 10 Juni

Wamekuja. Mita imekaguliwa mbele yangu. Nzima. Muhuri umeliwa na kutu tu. Umeme umerudi, wameomba radhi, na majirani wamesikia.

Swichi ya Neema nimeiwasha kabla sijawasha taa yangu. Mwenyewe anafunga vyombo.

Mtaani sasa naitwa Wakili. "Shikamoo, Wakili!" Kila salamu inanichoma. Afadhali Bibi Mwizi.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda mlangoni kwake. Nimepiga magoti, nikapiga makofi, kama sisi Wafipa tunavyowaamkia wakubwa zetu. Neema kapiga yowe. "Inuka, Bibi! Unataka nipate laana?"

Sikuinuka. Nikamwambia ni mimi niliyezima. Kasema alijua tangu siku ile, alikuwa anaona taa yangu inawaka.

Nikamuuliza, mbona ulinifichia barazani? Nilitaka aseme ni kwa upendo. Mzee mzima natafuta kubembelezwa.

"Ungeshindwa, Bibi, sote tungebaki gizani. Na wewe ningekushitaki wapi?"

Kweli tupu. Mita ina jina langu. Jina lake halipo popote.

Jumatano, 12 Juni

Nimemfuata dada wa baraza. Nimemwambia kikohozi kile nilikileta mimi, si wao. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema kosa lao la kukata bila taarifa liko palepale, na langu liko palepale, moja halifuti jingine. Mpangaji naye anaweza kwenda serikali ya mtaa, kasema. Nikamwambia pale mwenyekiti ni mtoto wa dada yangu. Akafunga daftari lake.

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza.

Narudi, Neema kahama. Kaenda kijijini Mollo kwa mama yake. Chumba kafagia. Ningemzuia kwa uso gani.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa nimekwenda Mollo kwa miguu, na kapu la maharage. Mama yake Neema kanipokea vizuri. Ugali wa ulezi, mboga ya maboga. Kaniwekea mtoto mapajani. Hakohoi. Kanishika kidole.

Kumbe Neema hakumwambia kitu.

Nikasema mwenyewe. Sikupunguza.

Mama akaweka bakuli chini. Akanawa mikono. Akaja, akamchukua mtoto mapajani pangu, taratibu, akampa Neema. Kisha akajifunga kanga, akanisindikiza hadi barabarani. Njia nzima tulitembea sambamba.

Tulipoagana alinishika mkono. Karibu tena hakusema.