Pembe Niliyokuumikia

Mwanaisha, mjukuu wangu,

Kalamu ameishika mamako, maana mimi sikusoma. Maneno ni yangu, na nimemwambia asiyalainishe.

Nina hasira. Jana daktari alituita. Ile damu yako aliyoipeleka kupimwa ng'ambo, jibu limerudi, nawe una siku arubaini kaburini. Kumbe pamoja na ukimwi ulikuwa na kijidudu kingine. Watoto wa hapa Kuze hukipata, wakawa na homa na vipele, na wiki haijaisha washarudi kucheza. Wewe kinga ilikwisha, kikakaa ndani ya uboho wa mifupa, pale damu inapopikwa, kikazima jiko. Ndiyo maana kila chupa ya damu waliyokutia ilikupa rangi wiki mbili, kisha midomo ikarudi nyeupe.

Nikamuuliza, dawa je? Akasema ipo, ila huku haifiki kwa watu kama sisi. Alisema huku akitazama meza. Nikamwambia, nitazame mimi.

Na mimi siku zote nakushindilia maini. Ukaniambia, "Nyanya, ukinipa tena nitaanza kulia mee." Nikacheka, nikakutukana, nikakulisha. Kumbe naleta unga, jiko limezimwa.

Shangazi yako akasema ni jini anakunywa damu. Papo hapo akakitenga kikombe chako. Kama ni jini, kikombe akiogopea nini? Mnafiki yule. Lakini nilimsikiliza. Nikatoa pembe ya marehemu mamangu, nikakuchanja mgongoni, nikakuumika mara tatu, eti nitoe damu mbaya. Damu, Mwanaisha. Huna damu, na mimi nakutoa. Ukasema tu, "Leo mkono wako mzito, Nyanya."

Mungu nimemwomba msamaha. Wewe sijui nikuombe vipi.

Matangani watu waliambiwa ni malaria. Nilinyamaza.

Leo asubuhi amekuja shangazi yako, kichwa kinamzunguka, ataka kuumikwa. Nimemfunua kope, ndani peupe. Nikamwambia, "Kapimwe damu kwanza. Mjukuu wangu alikufa kwa ukimwi, na pembe hii ilimsukuma." Nikampa maji kwa kikombe chako.

Ameyanywa.

Lala, mama. Pembe hii haigusi tena mgongo wa mtu aliyepungukiwa damu, na anayeniuliza kilichokuua nitamtajia, hata kama ni mlangoni pa msikiti.

Nyanyako