Huyu Niachie

Ng'ambo, Tabora
4 Februari 2025

Wifi Theodora,

Shikamoo. Habari za Usinge, na tumbaku inaendeleaje? Mimi sijambo, ila mshono wa upasuaji bado unauma. Mwanetu Silasi ana wiki tano na ananyonya vizuri. Kaka yako Erasmus ameitwa kazini Kigoma hadi mwisho wa mwezi.

Wifi, nina shida. Kuna kampuni ya nje inayofundisha akili mnemba kuandika programu za kompyuta. Wanatafuta watu wa kusoma kilichoandikwa na mashine, waone ilipokosea na waeleze kwa nini, kila mtu akiwa nyumbani kwake. Kazi yangu ya zamani iliisha mimba ilipokuwa kubwa, kwa hiyo hii naitaka sana. Mtihani ni Jumamosi tarehe 15, muda wa saa tatu mfululizo. Ukiinuka umefeli, na haurudiwi.

Mama yangu, unajua, alishatangulia. Najua pia hukuja harusini kwetu, na sijawahi kukuuliza. Lakini sina mwingine wa kunishikia mtoto. Barua hii nampa jirani anayepanda treni kesho.

Wifi yako,
Jeska

Ng'ambo, Tabora
26 Februari 2025

Wifi yangu,

Shikamoo tena. Ulifika salama? Silasi hajambo, anakutafuta kwa macho.

Nimefaulu! Jibu limekuja juzi, wiki nzima baada ya wewe kuondoka. Nilipiga kelele hadi mtoto akaamka.

Wifi, niliingoja barua yako siku kumi. Ijumaa nikakata tamaa. Jioni nikakuona mlangoni na kiroba cha karanga, ukauliza tu, "Mtoto yuko wapi?" Kesho yake katikati ya mtihani Silasi akalia, maziwa yakanilowesha gauni. Nilishaanza kuinuka. Ukasema kutoka barazani, "Kosa la mashine litafute. Huyu niachie." Nikasikia unamnywesha kwa kijiko maziwa niliyokamua, akanyamaza. Nikakaa.

Asante, wifi. Sina neno kubwa zaidi ya hilo. Ila niambie, kwa nini hukujibu? Na miaka yote hii, nilikukosea nini?

Wako,
Jeska

Usinge
9 Machi 2025

Jeska,

Marahaba. Hongera, hongera sana! Sisi wazima. Tumbaku haikuharibika, jirani yangu Zabibu alinichochelea moto wa bani la kukaushia majani hadi niliporudi.

Hukunikosea. Ni mimi. Erasmus alipokuja kukutaja, nilimwambia, "Umeleta mwanamke wa kukaa kitini, asiyejua jembe." Baadaye nikaona aibu, na aibu ikanifungia njia. Kukujibu nilijaribu mara tatu, kila barua ikawa ya kujitetea. Nikaona bora nipande treni.

Siku ile nilichungulia. Jasho lilikuwa linakutoka umekaa kitini. Ulipomaliza hukuweza kunyoosha kiuno. Nimelima tumbaku miaka ishirini, naujua mgongo uliotoka kazini. Nisamehe.

Na asante nawe. Watu huniita kwenye misiba tu. Wewe uliniita kwa mtoto.

Kwenye treni mama mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia, "Kwa mdogo wangu. Anafundisha mashine."

"Mdogo wako wa tumbo moja?"

Nikasema ndiyo. Akaniambia tunafanana sauti, na wewe hata hajakusikia! Sikumsahihisha.

Dada yako,
Theodora