Taa Iliyowashwa Mchana

Jumatatu, 3 Machi

Mpwa wangu amekuja asubuhi kuazima daftari. Nimempa. Kwa miaka minane amekuja kuketi nami kutafakari kila Jumamosi, mgongo wima, macho chini, bila neno. Tangu dada yangu afariki, binti huyu ndiye mwanangu. Sina mwingine wa kumwachia.

Daftari hilo nimeliandika kwa miaka thelathini: mafundisho ya kale ya kuuzima umimi, na chini yake maelezo yangu. Mwalimu wa kikundi chetu, fundi wa kujalidi vitabu, alilishona kwa mkono wake. Ukurasa wa kwanza ni mtupu. Ndiyo sheria yetu: anayeandika haweki jina. "Ukijiandika," alisema, "umerudi mlangoni."

Ameahidi kulirudisha baada ya siku saba. Siku hizi anafundisha yoga, ghorofani, juu ya duka la dawa. Haidhuru. Mwili nao ni njia.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuja kuketi. Mara ya kwanza! Simu hapokei. Nimeketi peke yangu; magoti yamelalamika kuliko kawaida.

Alhamisi, 20 Machi

Jirani yangu muuguzi amenionyesha simu yake. "Mzee, huyu si mpwa wako? Mbona miguu juu kichwa chini kama popo?"

Nilicheka — kabla ya kusoma maandishi.

Daftarini niliandika: *Nafsi ni taa iliyowashwa mchana, izime, hutapoteza kitu.* Niliiandika wiki tuliyomzika mama yake. Sasa inasomeka: *Nafsi ni taa, iwashe, dunia ikuone.* Chini yake, jina lake. Kisha picha ya kitabu, sura yake imejaa jalada zima. Kitazinduliwa Jumamosi ya wiki ijayo.

Muuguzi aliniuliza kama nina kizunguzungu. Nilimwambia ni jua.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepanda ngazi zile hadi darasani kwake. Vioo kuta zote nne. Mwalimu wetu alikuwa akigeuza kioo chake kielekee ukutani kabla hatujaketi. Hapa watu wanafumba macho, kisha wanachungulia wamependeza vipi.

"Shikamoo, Mjomba! Vua viatu, tafadhali."

Marahaba nimeitikia. Sikuvua. Nikamuuliza kuhusu daftari.

Hakukana. Hata aibu hakuona. Ati mimi mwenyewe nilimfundisha kwamba maneno hayana mwenyewe. Ati ukurasa wa kwanza ulikuwa mtupu. "Sasa Mjomba unadai nini — jina?"

Nikasema amepindua maana. Kuzima amekufanya kuwasha.

"Mjomba, nani atapanda ngazi hizi aje kuzimika? Umeme unawazimikia kila siku nyumbani!"

Wanafunzi wake wakacheka. Maneno hayana mwenyewe: sentensi ilikuwa yangu, na ilikuwa sahihi. Nikashuka.

Jumapili, 23 Machi

Nimeketi saa nzima. Hakikuja kimya. Lilikuja jina langu — kwa herufi kubwa, juu ya jalada. Nililiona hata rangi yake: kijani kibichi.

Baadaye nikajikuta nimeliandika nyuma ya bahasha, mara tatu, kwa miandiko mitatu. Nimeichana bahasha. Mzee wa miaka sabini na minne!

Jumanne, 25 Machi

Nimempigia dereva mstaafu, mwenzangu pekee aliyebaki katika kikundi chetu, nikamsimulia yote. Nilitarajia hasira. Alicheka hadi akakohoa.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mzee mwenzangu."

Nikamwambia ni kweli, binti amenisaliti.

"Kwani nimemtaja binti?"

Nimekata simu. Sijawahi kumkatia mtu simu.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika hapa hapa, kwenye benchi la kuvulia viatu, nje ya chumba cha vioo, mlango uko wazi. Safari hii nimevua.

Nilipofika mpwa wangu alinipa daftari mikononi. "Lako, Mjomba. Sijalichafua." Kweli. Ukurasa wa kwanza bado mtupu. Niliukagua kabla ya kuitikia salamu yake. Nikaja kuketi huku na daftari langu.

Ndani wamejaa. Vitabu vimepangwa mezani, sura yake mara mia. Mama mmoja, nadhani mshonaji, maana sindano zimechomwa kolani mwake, amesimama na kuuliza: haya maneno mazito, binti mdogo kama wewe uliyatoa wapi?

Kisha sauti yake, na haikuwa ile ya darasani siku ile. Ilikuwa ya wiki ile ya msiba wa mama yake. Kasema yupo anayejua kuliko yeye. Yuko hapo nje. Atajibu yeye.

"Mjomba!"

Ningeweza kuingia na kusema: hayana mwenyewe. Angepona. Mwalimu angeridhika. Ni maneno mawili tu.

Anaita tena. Vichwa vinageuka, katika vioo vinageuka vyote. Nataka kulifunga daftari niingie, ila wino haujakauka. Ukurasa wa kwanza — sijui nilianza lini — tayari una herufi nne za jina langu. Zimebaki tatu