Jitu Lililoitikia Salamu

Kasulu, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Umeamkaje, na Baba ameamkaje, na Bibi kile kifua kimemwachia? Ng'ombe wa jirani ameacha kuingia kwenye maharage yetu? Mvua imeshafika Busunzu au bado inaishia mlimani? Mimi ni mzima wa mwili. Haya yote nakuuliza nikiwa na hasira, na nimeyauliza mpaka mwisho kwa makusudi. Utaona kwa nini.

Kazi ya steshenari inaendelea. Mama Zuhura, mwenye duka, hanigombezi mbele ya wateja hata nikiharibu kopi. Ananiambia tu nikiongea na mtu nisiangalie viatu vyake. Najitahidi.

Kwenye simu uliniuliza ninafanya nini na wale vijana kwenye baraza la duka kila Jumamosi alasiri, mtandao ukakata kabla sijajibu. Ni mchezo, Mama. Tunakaa wanne mezani. Mmoja ni msimulizi, anasema mko msituni, mmefika darajani, pana jitu linalinda. Sisi wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi, na anasema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa la bahati tunarusha dadu. Kuna watu wa panga na kuna watu wa uganga. Ni uganga wa karatasi tu, usimpelekee mchungaji.

Uganga huo umepangwa kwa ngazi. Anayeanza anapewa wa ngazi ya kwanza, mambo madogo kama kuwasha mwanga kwenye fimbo au kumlaza mbwa usingizi. Kelvin wa bodaboda ana Mshale wa Moto, anarusha dadu tatu kwa mpigo, na siku ya kwanza tu alichoma fisi watatu kabla Anitha, fundi cherehani wa jirani, hajapata hata pa kukaa. Hakuna aliyesema umezidi.

Msimulizi wetu ni kaka Deo, anasomea ualimu. Baba yake ni Muha wa huku huku lakini yeye amekulia Dar es Salaam. Alituruhusu kila mmoja abuni uganga wake mmoja. Mimi niliandika hivi: "Salamu. Unayemsalimia hawezi kukupiga mpaka amalize kuitikia." Deo aliusoma akacheka, akasema huu hata kuku hauui, akaandika ngazi ya kwanza. Kwake yeye salamu ni mambo, poa, mmeshamaliza.

Basi tulipofika kwenye lile daraja, jitu likainua rungu, nami nikalisalimia. Nilianza na mwakeye, ile ya kuuliza mmeamkaje, kama wewe unavyoanza ukikutana na mtu wa kwetu kwenye geti la hospitali ya Kabanga. Deo akaitikia kwa sauti nzito ya jitu. Nikaliuliza nyumbani wameamkaje, mke je, watoto je, mbuzi wamezaa, mihogo imeota, na mama yake jitu miguu inaendeleaje. Jitu likasema miguu inamsumbua sana wakati wa baridi. Nadhani hapo Deo alikuwa anamsema bibi yake mwenyewe. Nikampa pole, nikauliza dawa anatumia gani. Wakati huo Anitha na Kelvin walikuwa wanavusha mateka tuliokuwa tumewaokoa, mmoja mmoja, nyuma ya jitu, Kelvin anajiziba mdomo kwa kofia asicheke. Deo alipomaliza kuitikia, daraja lilikuwa tupu.

Mama, siku ile niliongea kuliko miaka yote minne ya sekondari.

Jumamosi iliyofuata Deo alikuja na karatasi. Akasoma kwamba Salamu imezidi kipimo na kuanzia siku hiyo ni ngazi ya tatu. Maana yake mtu wangu ananyang'anywa uganga wake, na kufika ngazi ya tatu ni Jumamosi nyingi sana. Nikasema taratibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeupitisha. Hakunijibu mimi. Aliwageukia wenzangu akasema, "Salamu gani za kumaliza saa nzima? Hizo ni za kambini kwa wakimbizi, za watu wanaosubiri mgao."

Anitha akainamia kitambaa chake. Mimi nikaangalia viatu. Sikusema neno, na hicho ndicho kilichoniunguza wiki nzima. Sisi ni raia, Baba ana karatasi zake kwenye sanduku. Hata tungekuwa kambini mpaka leo, salamu zile ni za Bibi, alivuka nazo mpaka wa nchi akiwa mikono mitupu, na wewe umenifundisha nikiwa mgongoni. Leo mtu aliyezicheka ndiye anayezipima.

Wiki hiyo, wateja wakipungua, nilikuwa narusha dadu juu ya kaunta na kuandika daftarini. Mshale wa Moto unaua hata ukiwa peke yako. Salamu haiui mtu. Kama wenzako hawafanyi kazi huku nyuma, mwisho wa maneno unabaki wewe na jitu lako na rungu lake. Mwanga wa fimbo mchana ni upuuzi, ila ndani ya pango ni uhai. Uganga mdogo nguvu yake iko mahali ulipotumika na kwa nani. Deo anahesabu dadu tu. Nilipata hoja, lakini nilijua nikifika mezani nitaangalia viatu tena.

Jana alipotokea barazani sikungoja akae. Nilisimama nikasema, "Habari za mchana, kaka Deo. Nyumbani hawajambo?"

Aliniangalia, akaona ninakokwenda. Akafungua begi, akaanza kupanga karatasi.

"Na bibi yako, miguu inaendeleaje?"

Deo akanyoosha kona za karatasi. Ndani ya duka Mama Zuhura alisimamisha mashine ya kopi. Akasema, "Deo, mtoto wa watu anakusalimia."

Deo akaiambia meza, "Siitikii salamu za mtego."

Hapo hasira ilinisaidia, Mama. Nilimwangalia usoni nikamwambia, "Basi umetoka mtegoni, kaka. Hukuitikia, na hakuna kilichokushika. Jitu lako nalo lingeweza kunyamaza. Wewe ndiye uliyelijibisha, maana hukutaka hata jitu lionekane halikulelewa. Uganga anaoushinda mtu yeyote asiye na adabu utakuwaje ngazi ya tatu?"

"Oya Deo, hapo huna pa kutokea," Kelvin akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

Deo alichukua kalamu, akakata tatu, akaandika moja, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Uganga wangu umerudi. La kambini hakuliomba radhi, na kwa hilo hasira bado ninayo, wala sitaki iishe haraka.

Tulipomaliza alipita mbele yangu akasema, "Haya, jioni njema." Nilitaka kunyamaza kama alivyoninyamazia, nimwonyeshe. Mdomo ukakataa. Nikaitikia, "Na kwako pia, msalimie Bibi." Nilikasirika njia nzima. Kumbe uganga ule unanishika mimi kuliko jitu.

Mwambie Baba viatu alivyonipa bado vizima. Mfikishie salamu shangazi anayeuza mawese gulioni, na yule mwalimu wangu aliyezoea kuniambia nipaze sauti, mwambie nimepaza mara moja. Mdogo wangu aache kulala na redio. Bibi mshike mikono yote miwili, umwambie jitu liliitikia salamu zake.

Barua hii nampa dereva wa fuso linalopanda Kibondo kuchukua maharage. Ukimpa majibu, Mama, usifupishe kwa kuona karatasi ni ndogo. Anza na salamu, zote.

Ni mimi binti yako,
Esperansi