Mrija Niliouinamisha

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri na mtaa wetu wa Kisugu wote ni matope. Sina hamu ya chai wala ya kuongea na mtu.

Mama Akello, jirani yangu, yumo wodini pale hospitali ninapofanya kazi. Moyo wake umeshindwa kusukuma damu. Miguu imejaa maji, na usiku analala ameketi. Mume wake alikuwa polisi. Wanajeshi walimchukua mwezi uliopita. Sasa kila asubuhi anakuja wodini bwana mmoja mpole na mfuko wa machungwa. Anasalimu vizuri, kisha anauliza, "Mama yetu anatoka lini?"

Hayo machungwa hakuna anayeyala.

Juzi daktari alituletea maabara damu ya Mama Akello. Alitaka kujua kama misuli ya moyo ina uvimbe wa ugonjwa. Sisi tunaiweka damu kwenye mrija wa kioo na kusubiri: ikishuka haraka, uvimbe upo. "Ikiwa haina neno, kesho aende nyumbani," alisema. "Vitanda havitoshi."

Nyumbani. Huyu daktari anaishi nchi gani? Akitoka tu langoni, yule bwana atamchukua kama mumewe alivyochukuliwa.

Kila mtu wa maabara anajua kwamba mrija ukiinama kidogo, damu hukimbia chini. Ndiyo maana tunawagombeza wanafunzi wausimamishe wima. Juzi niliuinamisha kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika nilichokiona. Daktari alikunja uso, akasema mgonjwa haendi popote.

Nilifurahi, niseme ukweli. Nililala fofofo.

Leo nimepanda wodini kumsalimia. Kumbe daktari amemwanzishia vidonge vikali vya kutuliza uvimbe, uvimbe niliouzua mimi. Vidonge hivyo huzuia maji yasitoke mwilini. Miguu imejaa kuliko juzi, maji yamefika mapajani, na kila pumzi anaivuta kwa taabu. Amenishika mkono.

"Hii dawa iko mbaya, dada," ameniambia. "Bora mimi naenda nyumbani."

Nimemwambia avumilie. Mimi, wa kumwambia hivyo.

Nikimweleza daktari ukweli, vidonge vitasimamishwa na Mama Akello ataruhusiwa kutoka. Nikinyamaza, atazama katika maji yake mwenyewe huku namtazama. Na yule bwana leo hakuondoka. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, akanisalimu kwa jina langu. Sijawahi kumtajia jina.

Naogopa. Naogopa hata kuzima taa.

Kesho asubuhi wataniletea damu yake tena, daktari ameshaagiza. Mungu wangu, huo mrija niusimamishe vipi?